Tiba ya kuikabili hofu bila kuitii

Mwenye ugonjwa wa mawazo na matendo ya kujirudia huandamwa na wazo asilolitaka: mikono imeingia vijidudu, mlango haukufungwa, udhu haukutimia. Ili atulie, hunawa hadi ngozi ichubuke, hurudi kukagua kufuli, hutawadha upya. Nafuu anaipata kweli, lakini haidumu, na nafuu hiyohiyo ndiyo inayoulisha ugonjwa. Ubongo huamini kwamba kilichomwokoa ni kunawa, basi hofu ikirudi hudai maji tena.

Tiba ya kisaikolojia yenye ushahidi mkubwa zaidi huukata mzunguko huo hapo hapo: mgonjwa huikabili hofu, kisha hujizuia kufanya kitendo cha kuituliza. Mwaka 1966 Victor Meyer, mwanasaikolojia wa London, alichapisha taarifa za wagonjwa wawili aliowatibu hivyo, wakati ambapo ugonjwa huu ulionekana karibu hauna dawa. Baadaye Stanley Rachman na Isaac Marks huko Uingereza, na Edna Foa nchini Marekani, waliipima na kuiendeleza.

Kwanza mgonjwa na mtaalamu huorodhesha yanayotisha na kuyapa alama, 0 hadi 100. Huanza na yanayohimilika. Hakuna anayeshtukizwa wala kulazimishwa. Anayeogopa uchafu atashika kitasa cha choo cha umma, kisha akae bila kunawa. Moyo humwenda mbio, viganja hutoa jasho, na mara nyingi hofu hushuka yenyewe taratibu. Hata isiposhuka siku hiyo, amejionea kwamba anaistahimili na kwamba balaa alilolingoja halikuja. Zoezi hurudiwa nyumbani, kila siku.

Kwa anayerudia udhu, ibada haiguswi. Hutawadha mara moja kama sheria inavyotaka, kisha husali na shaka yake ikiwapo. Kinachozuiwa ni kule kurudia, pamoja na matendo ya siri kama kuhesabu kimoyomoyo.

Jamaa nao wana sehemu yao, na ni ngumu. Mke anayejibu kila mara “mlango umefungwa, mume wangu” anajibu kwa mapenzi, ila jibu lake linafanya kazi ileile ya kukagua kufuli. Hufundishwa kulipunguza kwa upole, kwa makubaliano na mgonjwa.

Kwa hofu nyingine, kama ya mbwa au ya kusema hadharani, kinachoachwa ni kukwepa. Ugonjwa wa mawazo na matendo ya kujirudia ukiwa mkali, daktari huongeza dawa za kundi linalotumika pia kutibu sonona.