Makaa ya Vifuu na Makaa ya Tope

Wakulima wengi wa pwani huvitupa vifuu vya nazi, au huviteketeza vikawa majivu. Yafaa wajue ya kuwa vifuu hivyo ni mali. Mwaka 1918, wakati wa vita, Wamarekani walikusanya kokwa za matunda na maganda ya njugu ili wapate makaa ya kuchujia hewa ya sumu katika barakoa za askari. Hata leo viwanda vya Sri Lanka, Uhindi na Ufilipino hugeuza makaa ya vifuu kuwa kaboni amilifu, ambayo husafisha maji na hewa, na hunasa dhahabu migodini.

Vifuu vikavu huchomwa nje ya nyumba, katika pipa lipitishalo hewa kidogo. Moshi mzito ukipungua, pipa huzibwa pande zote. Kilo 3 za vifuu hutoa kilo 1 hivi ya makaa. Yaliyoiva hulia kama chuma yakidondoshwa, na yakivunjika hung'aa.

Kazi ifuatayo ni ya kiwanda. Makaa hupitishiwa mvuke katika tanuri lililofungwa, kwa joto la digrii 800 hadi 1,000 za Sentigredi. Mvuke huyala kwa ndani, ukaacha vitundu visivyohesabika, hata gramu moja ikawa na uso wa mita za mraba 1,000. Humo ndimo uchafu unaswamo. Basi asikudanganye mtu asagaye makaa ya jikoni akayaita dawa ya maji.

Je, tope la maji taka ya mijini? Nalo hugeuzwa vivyo hivyo, likisha kukaushwa, lakini halilingani na kifuu. Kifuu huacha majivu machache mno. Tope huweza kuacha theluthi, pengine nusu. Kwa hiyo wataalamu hulichanganya na vifuu, magunzi au vumbi la mbao. Kumvi za mpunga hazisaidii sana, kwani zenyewe huacha majivu karibu sehemu 20 katika 100.

Tena moto huua vijidudu vya tope, lakini risasi, shaba na zinki hubaki makaani. Makaa hayo yasafishe maji machafu ya viwanda, kamwe yasichuje maji ya kunywa. Hata yaliyochujwa kwa makaa bora ya vifuu, yachemshwe.

Atakaye kuuza makaa ya vifuu ayapepete, aondoe mchanga, ayaache yapoe siku nzima kabla ya kuyatia guniani; yenye moto ndani huwaka tena ghalani usiku.