Madaftari Mawili ya Uvira

Mtu wa Uvira, mji ulio kando ya Ziwa Tanganyika mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, hahitaji kufundishwa kipindupindu. Anajua kinavyoanza, anajua kinavyoua, na anajua njia ya kwenda hospitali. Kilichonikaa kichwani mimi si ugonjwa wenyewe, ni madaftari mawili.

La kwanza ni la kituo cha kutibu kipindupindu, ndani ya Hospitali Kuu ya Rufaa. Kila anayelazwa huandikwa: siku aliyofika, umri wake, mtaa anakotoka. La pili ni la REGIDESO, shirika la maji, kwenye mtambo unaosafisha maji ya mto Mulongwe. Humo huandikwa kiasi cha maji yaliyosukumwa mjini siku hiyo. Umeme ukikatika, pampu husimama, namba hushuka, pengine hadi sifuri. Fundi huandika sifuri yake na kazi ya siku imeisha. Huku nyumbani bomba linakohoa hewa tu, na mama anabeba bidoni kuelekea ziwani.

Muuguzi hakuwa na sababu ya kufungua daftari la fundi, wala fundi la muuguzi. Wote wawili wako mji mmoja, lakini kila mmoja ana wakubwa wake, na kila mkubwa ana wizara yake.

Aliyeyaweka pamoja ni mtafiti Aurélie Jeandron, wa chuo cha afya ya jamii na tiba ya kitropiki cha London, akishirikiana na wenzake, wakiwemo Wakongo. Walilinganisha siku kwa siku, kuanzia 2009 hadi 2014, na mwaka 2015 wakachapisha matokeo. Siku moja bila maji ya bomba, na katika siku 12 zilizofuata wagonjwa walioshukiwa kuwa na kipindupindu walikuwa mara mbili na nusu ya wale wa baada ya siku ya maji tele. Karibu robo ya waliolazwa, asilimia 23.2, walihesabiwa kuwa ni matokeo ya maji kupungua bombani.

Kuna jambo jingine ambalo Jeandron hakulificha. Kwa kawaida mitaa inayotumia maji mengi ya bomba ilipeleka wagonjwa wachache zaidi. Lakini maji yakikatika, ndiyo iliyoumia zaidi: ongezeko la mara 3.71. Yaani aliyezoea bomba ndiye anayenaswa linapokauka. Ukimsoma Jeandron hivyo, kumpa mtu bomba bila kumhakikishia maji ya kila siku ni kumfanyia nusu ya kazi, na nusu iliyobaki ndiyo inayolaza watu.

Wafadhili nao walikuwepo. Fondation Veolia, Shirika la Maendeleo la Ufaransa na Umoja wa Ulaya waliingia katika kukarabati mfumo wa maji, na watafiti wakapanga kupima matokeo kadiri kazi inavyosonga. Kisha Aprili 2020 Mulongwe ukafurika, ukaua watu, ukabomoa nyumba, na mipango ikayumba.

Mwaka huohuo chanjo ya kumeza ilitolewa mjini. Oktoba 2022, dozi zilipokuwa haba duniani, wagawaji wa akiba ya kimataifa waliamua kila mtu apewe moja badala ya mbili. Ushahidi wa Uvira ulikuja baadaye: mwaka 2024 Dkt. Espoir Malembaka na wenzake walionyesha kuwa dozi moja ilikuwa bado inakinga kwa karibu nusu, hata baada ya miaka miwili na zaidi. Uamuzi ulitangulia, utafiti ukafuata.

Lakini chanjo haiwashi pampu. Siku 12 ni muda wa kutosha kwa fundi kumpigia simu muuguzi, kwa klorini kufika mitaani, kwa vitanda kuandaliwa. Simu hiyo ni wajibu wa nani? Na dizeli ya jenereta siku umeme umekatika, nani ailipe: wa maji, wa umeme, au wa afya, ambaye mwishowe ndiye anayepokea wagonjwa?