Kutengeneza Timu Wakati wa Likizo

Wengi hudhani kwamba kazi ya timu huanza siku ya mechi ya kwanza. Sivyo. Mimi niliye kepteni wa kandanda nimejifunza kuwa timu hujengwa mwezi wa Novemba, uwanja ukiwa mtupu na wenzetu wa Kidato cha Nne wakiwa katika mtihani.

Safari hii tutaondokewa na watano: mlinda mlango, mabeki wawili, kiungo mmoja na winga wa kushoto. Michezo ya UMISSETA huchezwa katikati ya mwaka. Basi tangu shule kufunguliwa Januari tuna miezi michache tu.

Kwanza, yafaa kuandika hesabu. Andika nafasi zote 11, na mbele ya kila nafasi majina mawili. Penye jina moja pana hatari. Pasipo jina pana shimo. Mwaka jana hatukufanya hivyo. Tulikuwa na mafowadi saba na beki wa kushoto mmoja. Alipoumia kifundo cha mguu, tulifungwa mabao matatu, yote kwa upande ule ule.

Pili, geuza ulicho nacho kabla ya kutafuta kingine. Fowadi mmoja mwenye mbio sasa anajifunza ubeki.

Tatu, tazama wanafunzi watokako. Wa Mbamba Bay na Liuli, waliozoea kuvuta nyavu za usipa, wana mikono imara. Mlinda mlango tumempata kwao. Wa milima ya Umatengo, wapandao na kushuka mashamba ya ngoro, wana pumzi. Huko tumepata kiungo. Walakini Ziwa Nyasa liko kiasi cha meta 475 tu juu ya bahari, na Mbinga iko juu zaidi ya mara mbili. Kijana wa ufukoni asipozoezwa kukimbia mlimani, atachoka mapema.

Nne, msilete mamluki. Nilishauriwa tumvike jezi yetu kijana mmoja mvuvi, hodari kuliko sisi sote. Nakiri nilishawishika. Lakini mashindano yale ni ya wanafunzi, na mtoto wa Kidato cha Pili aliyefanya mazoezi mwaka mzima angekaa nje kwa ajili ya mtu asiyesoma nasi. Tulikataa. Badala yake tulimwomba atufundishe kupiga mpira wa kichwa kila Jumamosi, naye akakubali kwa furaha.

Mkoa wetu haukosi vipaji. Majimaji ya Songea, iliyo mbali na Dar es Salaam, ilitwaa ubingwa wa Muungano mwaka 1985, 1986 na 1998.

Mwanzo wa ngoma ni lele. Ninyi wa vidato vya chini, kimbieni kidogo kila asubuhi huko makwenu, na Januari njoni uwanjani. Karatasi yetu bado ina nafasi mbili tupu: beki mmoja na winga wa kushoto.