Ukimwi: Je, Ni Adhabu ya Mungu?



Sisi wa Mumbuni tunayajua maneno haya. Mtu akikonda kidogo tu, utasikia nje ya kanisa: "Huyo alijitakia. Mungu anamlipa."

Ukimwi uligunduliwa Kenya mwaka wa 1984. Serikali ilipoutangaza kuwa janga la kitaifa, Novemba 1999, tulikuwa tumezika wengi tukisema ni malaria ama kifua. Wengi wetu makanisani tuliuita adhabu ya dhambi.

Biblia yasemaje?

Katika Yohana 9, wanafunzi walimwona mtu aliyezaliwa kipofu, wakataka kujua ni nani aliyekosa, yeye ama wazazi wake. Yesu alikataa yote mawili, kisha akamponya. Katika Luka 13, watu 18 waliangukiwa na mnara kule Siloamu. Yesu hakukubali kwamba walikuwa wabaya kuliko wengine. Aliwageukia waliokuwa wakimsikiliza, akawaambia watubu wao wenyewe.

Hatusemi dhambi si kitu. Uzinzi ni dhambi na huvunja nyumba. Lakini ugonjwa sio kipimo cha dhambi. Mke mwaminifu huambukizwa na bwanake. Mtoto huambukizwa na mamake wakati wa kuzaliwa ama kunyonya. Na aliyekosa kweli, je? Yule mwanamke wa Yohana 8, Yesu alimwokoa kwanza, halafu akamwonya. Sisi hupenda kuanza na mawe.

Hukumu yetu inaua

Dawa za ARV hutolewa bure katika hospitali za serikali tangu 2006. Anayezimeza kila siku, hadi virusi visionekane kwenye kipimo, hamwambukizi mwenzake kwa kujamiiana. Mama akizitumia vizuri, mtoto anaweza kuzaliwa mzima. Lakini anayeogopa midomo yetu hafiki kliniki, ama anaficha dawa na kuruka siku, na virusi vinapata nguvu. Huyo akifa, tusimsingizie Mungu.

Kule Uganda, kasisi wa Kianglikana Gideon Byamugisha alisema hadharani mwaka wa 1992 kwamba ana virusi. Aliendelea na huduma, na mwaka wa 2003 akashiriki kuanzisha mtandao wa viongozi wa dini wa Afrika wanaoishi na virusi. Mtu akipokelewa, anaishi na kusaidia wengine.

Tufanye nini?

1. Tutunze siri. Sheria ya Kenya ya mwaka wa 2006 inakataza kumbagua mwenye virusi na kutangaza majibu yake bila idhini.

2. Tufanye mwethya. Kama tunachimba matuta pamoja, hatushindwi kumlimia mgonjwa shamba na kumtekea maji. Mtu anayemeza dawa anahitaji chakula.

3. Tule naye na tumsalimie kwa mkono. Kikombe hakiambukizi, hata kile cha Meza ya Bwana.

4. Tukapimwe sote, wazee wa kanisa wakitangulia.

Katika Mathayo 25, Bwana anawapokea waliomtazama mgonjwa. Hawaulizi mgonjwa huyo aliupata wapi ugonjwa wake. Basi na sisi tusiulize. Twende tukabishe hodi.