Kompyuta ya mbizi: Mtoto aweze kuisoma kwanza, mengine yafuate

Likizo ya Desemba hukutana na msimu wa kaskazi, wakati maji ya pwani ya Afrika Mashariki yanapokuwa maangavu na bahari imetulia. Katika vituo vya kupiga mbizi vya Watamu, Diani, Nungwi na Kisiwa cha Mafia, miongoni mwa watalii wa kigeni siku hizi hukosi familia kutoka Nairobi au Dar es Salaam: baba, mama na kijana wa miaka 12 anayetaka kushuka na mtungi wa hewa mgongoni kama alivyoona kwenye YouTube.

Shirika la mafunzo la PADI humruhusu mtoto kuanza kozi ya cheti cha baharini akiwa na miaka 10. Wa miaka 10 na 11 hapaswi kupita mita 12, tena awe na mzazi, mlezi au mkufunzi pamoja naye. Wa miaka 12 hadi 14 anaweza kufika mita 18 akiandamana na mtu mzima mwenye cheti.

Kozi ikiisha huja ununuzi. Miwani na mapezi havina mjadala mrefu: kinachokaa vizuri usoni na mguuni ndicho hicho. Mjadala huwa kwenye kompyuta ya mbizi, kile kifaa cha kufunga mkononi, kingine kidogo kama saa, kingine kikubwa kama biskuti ya duara. Mtoto anataka inayofanana na saa ya kisasa ili aivae hadi shuleni. Mzazi anaangalia bei na orodha ya mambo inayoweza kufanya, vile vile anavyonunua simu. Wote wawili wanaanzia pabaya. Swali la kwanza ni kama mtoto ataweza kuisoma akiwa chini, kwa kutupa jicho mara moja.

Kwa nini jicho hilo moja ni muhimu hivyo? Kila mita 10 za kushuka baharini huongeza mgandamizo sawa na uzito wa hewa yote iliyo juu ya nchi kavu. Kwenye mita 10 mgandamizo ni mara mbili, mita 20 mara tatu. Kadiri unavyozidi, ndivyo naitrojeni iliyomo kwenye hewa ya mtungi inavyoyeyuka zaidi ndani ya damu na misuli. Ikiwa humo, mtu hahisi kitu. Shida ni wakati wa kupanda. Aliyekaa chini kupita kiasi, au aliyepanda haraka, naitrojeni humtoka kwa viputo kama soda iliyotikiswa ikafunguliwa ghafla. Viputo hivyo huleta maumivu makali ya viungo, ganzi, kupooza, na mara nyingine kifo. Tiba yake ni chumba maalumu cha presha, na katika pwani hii vyumba hivyo ni vya kuhesabu.

Zamani hesabu ilifanywa kwa jedwali. Lile la PADI humpa mpiga mbizi dakika 147 kwenye mita 12, dakika 56 kwenye mita 18, na dakika 20 tu kwenye mita 30, na humhesabia kana kwamba muda wote alikaa kwenye kina kirefu alichogusa. Kompyuta, zilizoanza kuenea kwa wapiga mbizi wa kawaida miaka ya 1980, hupima kina kila baada ya sekunde chache na kukokotoa upya muda uliobaki. Jibu lake basi ni la mkono uliovaa, si la jirani. Baba anayeelea mita 10 na mtoto aliyemfuata kasa hadi mita 14 hawana hesabu moja. Familia inayopanga kununua moja ili wapokezane, au baba aivae kwa niaba ya wote, imeokoa fedha mahali pasipofaa.

Namba tatu

Kwa mtoto, skrini inatakiwa kumwambia mambo matatu: yuko kina gani, amekaa chini dakika ngapi, na amebakiwa na dakika ngapi kabla ya kulazimika kusimama njiani wakati wa kupanda. Hizo mbili za mwisho ndizo zinazochanganya, kwa sababu zote ni dakika. Katika kompyuta nyingi hukaa karibu karibu, kwa herufi zenye ukubwa unaolingana, zikitofautishwa na maandishi madogo kama punje za mtama: "NDL" au "NO DEC" kwa muda uliobaki, "DIVE TIME" kwa muda uliopita. Mtoto anaona 32. Ni 32 zilizopita au 32 zilizobaki? Mtu mzima mwenye uzoefu hupata jibu kwa kukumbuka namba aliyoiona dakika tano nyuma. Mtoto anayeshangaa kasa hana kumbukumbu hiyo.

Kuna jambo ambalo wauzaji hulitaja mara chache. Muda uliobaki ukiisha, kompyuta nyingi hutumia sehemu ile ile ya skrini kuonyesha kitu kingine kabisa: kina ambacho asikipite kwenda juu mpaka asubiri, na dakika za kusubiri. Namba imebaki pale pale, maana imegeuka. Mtoto hapaswi kufika huko, na mkufunzi mzuri hatamfikisha. Hata hivyo mzazi amwombe muuzaji amwonyeshe sura ya skrini wakati huo. Nyingi zina picha hizo kwenye kitabu cha maelezo. Ile inayoandika neno zima kwa herufi kubwa, na kubadilika kiasi kwamba hata asiyejua Kiingereza angeona kuna jambo, ndiyo ya kuchukua.

Macho ya mzazi nayo yamo

Mzazi anayeisoma habari hii ameinyoosha simu mbali kidogo na uso ana sababu yake binafsi ya kuendelea. Kuanzia kama miaka 40, jicho hupoteza polepole uwezo wa kuona vizuri vitu vya karibu. Maji huleta jambo la ajabu hapo: kupitia kioo cha miwani ya kuzamia, vitu huonekana vikubwa kwa karibu theluthi, na vilevile karibu zaidi kwa robo. Ukubwa unasaidia. Ukaribu unamrudisha mwenye miaka 45 kwenye taabu ile ile ya simu, na safari hii mkono hauna pa kuongezeka.

Dawa zipo na si ghali sana. Kuna vioo vidogo vya kukuzia vinavyobandikwa ndani ya miwani ya kuzamia, upande wa chini, na kuna miwani ya kuzamia inayowekwa lenzi za kipimo cha daktari. Na kuna kununua skrini kubwa. Kina cha mtoto ni jukumu la mzazi pia, na mzazi asiyeona skrini yake mwenyewe hawezi kusoma ya mwanawe anaponyooshewa mkono.

Skrini za mbizi ni za aina mbili kuu. Ya kwanza ni ile ya namba nyeusi juu ya kijivu, kama kikokotoo cha dukani. Mares Puck Pro na Cressi Leonardo, zote za Italia, ni za kundi hili, na kila moja ina kitufe kimoja tu. Suunto Zoop Novo ya Finland nayo ni ya kundi hili ingawa ina vitufe vinne. Namba za kina ni kubwa, jua kali juu ya boti haliziharibu, na betri ya duara inayofanana na ya saa hudumu muda mrefu. Udhaifu wake ni kwenye giza: lazima taa ibonyezwe, na maandishi ya pembeni ni madogo.

Ya pili ni skrini ya rangi inayowaka yenyewe kama simu. Shearwater Peregrine ya Kanada ina skrini ya inchi 2.2, na namba zake husomeka hata kwa mwenye miwani ya kusomea aliyeisahau hotelini. Rangi pia husaidia: kitu chekundu kilichochorwa hufifia mita chache tu chini ya maji, lakini nyekundu inayotoka kwenye taa ya skrini hubaki nyekundu. Gharama yake ni mbili. Inachajiwa, kwa hiyo kuna usiku ambao mtu atasahau. Na bei: za kundi la kwanza huuzwa kwa takriban dola 200 hadi 300 za Marekani katika maduka ya nje, za kundi la pili hupita 400 kwa urahisi.

Zile za umbo la saa zinapendeza, na nyingine zina uwezo mkubwa. Ila uso wa saa ni uso wa saa. Namba tatu pale lazima zibanane. Kijana wa miaka 17 mwenye macho makali ataelewana nayo. Kwa mtoto wa miaka 11 ni pambo la gharama.

Jaribio la dukani halihitaji maji. Mtoto avae miwani ya kuzamia, afunge kompyuta mkononi, asimame kwenye kona yenye mwanga hafifu. Muuzaji aiweke kwenye mfano wa mbizi, kwa zile zenye huo. Mzazi aulize: upo kina gani? Umebakiwa na dakika ngapi? Akijibu yote mawili kabla ya mtu kuhesabu hadi tatu, mazungumzo ya bei yaanze. Akianza kukodoa macho, irudi kabatini hata kama imepunguzwa bei.

Mzazi asitegemee milio. Kompyuta hulia mtu anapopanda haraka, na nyingi huweka kikomo karibu na mita 9 au 10 kwa dakika. Lakini chini ya maji sikio halitambui vizuri sauti imetoka upande gani, na kundi la watu sita lina kompyuta sita. Mtoto hujua ni yake inayolia kwa kuitazama.

Ya mtumba na ya kukodi

Nyingine hununuliwa kwa watalii wanaoondoka au huletwa na ndugu kutoka Marekani. Hizo zikaguliwe vipimo kwanza. Iliyowekwa kwa futi huandika 60 kwenye mita 18, na mtoto aliyefundishwa kwa mita hataelewa kitu. Ikaguliwe pia imewekwa kwenye hali gani. Karibu zote zina hali ya kupima kina na muda tu, bila hesabu yoyote ya naitrojeni. Ikiachwa hapo, skrini itaonekana safi na rahisi kusoma kuliko zote, kwa sababu namba muhimu kuliko zote haipo.

Familia nyingi zitakodi, na si vibaya. Waombe kompyuta siku moja kabla, jioni, mtoto aizoee mezani. Kisha abaki na hiyo hiyo safari nzima. Aliyepiga mbizi asubuhi na kompyuta moja, mchana akapewa nyingine, amevaa kifaa kisichojua habari za asubuhi, na dakika kitakazompa ni nyingi kuliko anazostahili.

Baada ya kutoka majini kompyuta nyingi huonyesha alama ya ndege na kuhesabu saa. Mwongozo wa DAN, shirika la usalama wa wapiga mbizi, ni kusubiri angalau saa 12 kabla ya kuruka baada ya mbizi moja ya kawaida, na saa 18 kwa aliyepiga mbizi kadhaa au siku kadhaa mfululizo. Wa Nairobi hudhani kwamba treni ya SGR inawaondolea hesabu hiyo. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na mwili hautofautishi kimo kilichofikiwa kwa ndege na kilichofikiwa kwa reli au barabara. Anayepanda Lushoto kutoka Tanga yumo katika hesabu hiyo hiyo. Tiketi ikiwa ya Jumapili saa tatu asubuhi, mbizi ya mwisho iwe Jumamosi kabla ya saa tatu usiku kwa aliyepiga mbizi moja tu, na kabla ya saa tisa alasiri kwa mwenye zaidi ya hapo. Asubuhi ya kuondoka watoto waogelee juu juu.