Joto Linalopotea Viwandani Machakos

Viwanda vya Mavoko, kaunti ya Machakos, hulipia joto kwa kuni, mafuta mazito na umeme, kisha sehemu kubwa yake huachwa iende zake. Hutoka na moshi wa boila, na maji moto yanayomwagwa mtaroni, na hewa inayopulizwa nje na feni za kompresa. Joto lililo chini ya nyuzi 200 hivi ndilo huhesabiwa kuwa la kiwango cha chini. Ni jingi, lakini ni gumu kuuzika, maana halifai kazi nyingi wala halisafiri mbali.

Athi River, mji ulio humohumo Mavoko, unajulikana kwa saruji, na mazungumzo ya kuvuna joto huanzia hapo. Tanuri la klinka, yaani mabonge yanayosagwa kuwa saruji, hufika nyuzi 1,450, na gesi zake hutoka zikiwa na nyuzi 300 au zaidi. Kwingineko duniani gesi hizo huchemsha maji, mvuke ukazungusha turbini na kukipa kiwanda hadi asilimia 30 ya umeme wake. Lakini viwanda vingi vya saruji vya Athi River husaga klinka tu. Kampuni ya Bamburi ina tanuri lake Mombasa, Mombasa Cement ina lake Vipingo, na Savannah ilijengwa bila tanuri kabisa. East African Portland ndiyo iliyojenga tanuri Athi River kwenyewe. Kwa hiyo turbini, pamoja na sifa zake zote, si habari ya wengi hapa.

Habari yao ni boila. Moshi ukipunguzwa nyuzi 22 kabla ya kutoka, ufanisi wa boila hupanda kwa takriban asilimia 1. Maji ya kulisha boila yakipashwa nyuzi 6 kabla ya kuingia, mafuta hupungua kwa kiasi hichohicho. Njia rahisi kuliko zote ni kurudisha maji ya mvuke uliopoa, kwa mfano kutoka kwenye pasi za viwanda vya nguo vya EPZ, eneo la kutengeneza bidhaa za kuuza nje. Athi River iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi. Yakirudishwa katika tanki lililo wazi yakiwa moto kupita hapo, sehemu hugeuka mvuke papo hapo. Tanki linalofuka mchana kutwa ni hasara inayoonekana kwa macho.

Machinjio ni mfano mzuri zaidi. Tume ya Nyama ya Kenya, iliyoanzishwa 1950, iko papa hapa Athi River. Popote penye machinjio, maji ya nyuzi 82 hutakiwa kwa kuua vijidudu kwenye visu, huku vyumba vya baridi vikitupa joto nje usiku na mchana. Joto la mitambo ya ubaridi likiyatoa maji kwenye nyuzi 20 na kuyafikisha 50, karibu nusu ya kazi imekwisha kabla boila halijaguswa.

Kikwazo ni saa. Ubaridi haulali, ilhali maji moto huhitajika zaidi alfajiri na wakati wa kusafisha. Ndipo tanki linapohitajika. Lita 1,000 za maji zikipashwa kutoka nyuzi 25 hadi 60 hubeba takriban kilowati-saa 40. Maji moto hukaa juu, baridi chini. Fundi akikosea mahali pa bomba, tabaka huchanganyika na faida ikapotea. Maji yasihifadhiwe chini ya nyuzi 60 kwa muda mrefu, kwa sababu ya bakteria wa lejionela. Nta zinazoyeyuka na kuganda hubeba joto zaidi katika nafasi ndogo, ila bei yake bado haijashindana na tanki la chuma lililofunikwa vizuri.

Kenya imekwisha kuona joto la kiwango cha chini likitumika kwa ukubwa: shamba la maua la Oserian, Naivasha, lilitumia maji yaliyopashwa na kisima cha jotoardhi kukinga waridi na ukungu usiku, katika hekta zipatazo 50.

Hospitali na hoteli za mji wa Machakos zina hesabu ileile kwa udogo, kwenye dobi na jikoni.

Kanuni za usimamizi wa nishati za 2012 ziliagiza watumiaji wakubwa wakaguliwe kila miaka 3 na kutekeleza angalau nusu ya uokoaji unaobainishwa. Chama cha Wenye Viwanda, KAM, kina kituo cha ukaguzi huo. Meneja asiye na tanuri asisubiri turbini: aanze na bomba la kurudisha maji na tanki lenye blanketi.