Hofu ya Ghafla: Familia ya Nyamiaga Ilipie Nini Kwanza?

Moyo ukianza kwenda mbio ghafla, kifua kikabana, mikono ikafa ganzi na mtu akaona kabisa kwamba anakufa, ndugu zake huanza kutoa hela kabla hawajajua wanalipia nini. Mmoja anakimbilia duka la dawa, mwingine kwa mganga.

Kawaida shambulio la hofu la namna hii hufika kileleni ndani ya dakika 10 hivi, kisha hushuka lenyewe. Hapo ndipo watu wanapoliwa hela. Chochote atakachopewa mgonjwa wakati huo, iwe sindano au dawa ya kienyeji, kitaonekana kimemponya, na wiki ijayo mtakilipia tena. Sala kwa anayesali haina gharama. Kinachoniuma ni mbuzi wa ada ya shule kuuzwa kwa ajili ya kafara.

Hela ya kwanza iende kwenye vipimo, katika hospitali ya wilaya iliyopo Nyamiaga au ile ya Kanisa Anglikana, Murgwanza. Upungufu wa damu, sukari kushuka, malaria na tezi ya shingo iliyozidisha kazi vinaweza kufanana sana na hofu. Pima, tunza majibu, usilipie kipimo kilekile kila unapobadili kituo. Uliza mapema bima yako inagharimia nini. Uliza pia ustawi wa jamii kuhusu msamaha wa malipo. Safari ya hospitali ya rufaa ya Bugando isubiri rufaa: mbali na nauli kuna chakula na malazi ya msindikizaji, na shamba linalobaki bila mtu.

Kwa upande wa dawa, diazepamu ni rahisi kwa kidonge kimoja na hutuliza haraka, ila mwili huizoea, na ukiikatisha ghafla hofu hurudi kwa kishindo. Ukijumlisha miezi, ni ghali. Dawa nyingine, fluoksetini, huchukua wiki kadhaa kabla haijaonyesha kazi, hivyo wengi huiacha njiani na hela imepotea. Tiba ya mazungumzo ina matokeo mazuri, na mimi ningelipia nauli ya kliniki ya afya ya akili kabla ya kununua pakiti ya pili ya diazepamu.

Kuna njia za bure pia. Vuta pumzi kwa pua ukihesabu hadi 4, itoe taratibu ukihesabu hadi 6, rudia kwa dakika chache. Jizoeze ukiwa mzima, maana hofu ikishapanda si wakati wa kujifunza. Punguza kahawa, najua ni kusema neno zito hapa Kagera, na pombe ya ndizi, ambayo hutuliza jioni na kuleta wasiwasi asubuhi.

Ila maumivu ya kifua yakienda begani au tayani, au mtu akizimia, msihesabu pumzi wala gharama. Tafuteni gari, hata kama ni usiku.